Mwaka wa Kukohoa Mlangoni

Tulimzika mama yangu Jumanne pale Ilomba, Mbeya, na kabla watu hawajamaliza kunawa mikono nilikuwa nimeshamvunja mtu pua. Sisemi kwa majivuno. Mama mmoja wa kwaya, mtu mwema aliyekuwa anachota maji tangu alfajiri, alinijia kwa nyuma, akanirukia shingoni huku akilia, "Jamani, mama yetu!", na kiwiko changu kikaenda chenyewe. Damu ikamwagikia khanga yake. Bibi mmoja jirani anayenijua tangu utoto akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si mlishaambiwa huyu hashikwi kwa nyuma?" Nikaomba radhi, nikamkanda yule mama kwa maji baridi, naye akanisamehe akisema ni uchungu wa msiba. Uchungu ninao, tena mwingi, lakini kiwiko kile hakikutoka msibani. Nina miaka hamsini na miwili, nina mume na watoto watatu, nimefundisha shule ya msingi maisha yangu yote, na bado mwili wangu una akili yake. Nilirudi mkekani, nikaubana mgongo ukutani mpaka nikatulia, na kwa siku zote tatu za matanga nilikuwa nauwaza mwaka mmoja tu, ule niliotimiza miaka kumi na saba.

Jina la jambo hili nililipata nikiwa mtu mzima, kwenye semina ya walimu. Mtaalamu mmoja kijana alieleza kwamba kuna watoto ambao ubongo wao haupimi sawasawa kile kinacholetwa na masikio, ngozi, pua na ulimi. Sauti ambayo mwenzake haisikii hata kidogo, yeye inamtoboa. Mguso mwepesi unamchoma, ilhali mzigo mzito unamtuliza. Akasema si utundu, si jeuri, wala si pepo, na mtoto wa namna hiyo anaweza kusaidiwa kwa mambo madogo madogo ya nyumbani. Walimu wenzangu waliandika kwenye madaftari yao. Mimi nilitoka nje nikatapika nyuma ya vyoo kwa hasira, kwa sababu yule kijana alikuwa amesema kwa dakika kumi kitu ambacho mimi nilikilipia kwa ngozi yangu, na watu wengine wakakilipia kwa mifupa yao.

Mwaka ule kwangu ulianza Juni, na ulianza na sweta. Asubuhi za Mbeya mwezi huo zina baridi ya kung'ata masikio, na sweta la shule yetu lilikuwa la sufu ya bei nafuu, zito, lenye kilebo kigumu shingoni. Kila uzi uliniuma kwa zamu yake. Mama alikuwa analishindilia kichwani kwangu kwa nguvu, mimi napigana, kiti kinaanguka, chai inamwagika, naye anachukua mwiko. Juma moja la Juni mwiko wa kwanza ulivunjika Jumatatu na wa pili Alhamisi. Chai yenyewe ilikuwa ugomvi mwingine, maana ilikuwa ya maziwa, na utando ule wa juu ukinigusa mdomo nilikuwa natema popote palipo mbele yangu, hata kama pana mgeni. Kuna jambo sikuweza kumwambia mtu yeyote: kipigo kilikuwa nafuu kuliko sweta. Mwiko unakuja, unatua, unajua umetua wapi na utaisha saa ngapi. Sweta haliishi mpaka jioni.

Nyumba zetu pale zilikuwa zimegawana ukuta mmoja, kwa hiyo nilijua jirani zetu walikuwa wanasema nini juu yangu. "Mama Subi, huyo mtoto atakupanda kichwani," nilimsikia mmoja. "Samaki mkunje angali mbichi."

"Nampiga mpaka mkono unakufa ganzi," Mama akajibu. "Halafu mimi ndiye nalia. Yeye ananiangalia tu."

Ni kweli nilikuwa namwangalia. Baada ya kipigo kichwa changu kilikuwa kinatulia kwa muda, nami nilikuwa nashangaa analilia nini. Julai nikafukuzwa shule. Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori iliyoninginizwa mtini, na siku hiyo nilipangwa mstari wa mbele, karibu nayo kabisa. Ilipogongwa niliziba masikio. Mwalimu wa zamu akaona ni dharau, akanivuta sikio ili nisikie vizuri. Nilimng'ata kidole gumba, na sikuachia mpaka meno yangu yakagota kwenye mfupa. Mwezi uliofuata Mama akanipeleka kwenye maombi, mahali ambapo sitapataja, palipokuwa na spika mbili ndefu kuliko mimi. Watu wanne walinishika mikono na miguu, wa tano akaweka vidole kichwani kwangu vikitetemekatetemeka, huku spika zikipiga kelele kuliko zote nilizowahi kusikia. Sikumbuki nilijitoaje. Nakumbuka mama mmoja aliyevaa kitambaa cheupe ametema meno mawili kwenye kiganja chake, anayatazama. Wakasema pepo amejidhihirisha.

Siku chache baadaye alikuja mtu nyumbani, nami nilikuwa chumbani, mlango haujafungwa vizuri. Alikuwa anamweleza Mama habari za kambi moja ya mbali, ng'ambo ya milima, ambako wagonjwa wa namna yangu hufungwa kwenye miti mpaka watulie.

"Minyororo wanayo wenyewe," akasema. "Wewe unaleta blanketi na unga tu."

"Wanatulia baada ya muda gani?"

"Inategemea, mama. Wengine wanatulia moja kwa moja."

Hakukubali siku ile, lakini hakukataa. Kilichonipa muda ni dada yake, Mama Mkubwa, aliyekuwa ameolewa Iringa, ambaye alituma neno kwamba nipelekwe kwake kwanza. Stendi ya mabasi Mama hakuniaga kwa machozi. Alisimama mbele yangu akaniambia, "Subilaga, sikia vizuri. Kwa dada yangu ndiyo nyumba ya mwisho. Ukimwaga damu ya mtu pale, ukirudi huku hata ndani huingii, unapitiliza kule kwenye minyororo. Na mimi mwenyewe ndiye nitakayekupeleka." Nilimjua mama yangu. Hakuwa mtu wa kutishia tu.

Nyumba ya Mama Mkubwa ilikuwa Mlandege, ya tofali za kuchoma, vyumba vitatu, bati juu na dari hakuna. Sebule ilikuwa na meza moja, viti vya mbao visivyo na mito, na harufu ya mafuta ya taa ambayo ilinikaa kooni juma zima. Mumewe, Baba Mkubwa, alikuwa Mhehe, fundi mwashi, mtu wa maneno machache na viganja vipana. "Kamwene!" akanisalimia siku nilipofika, akanyoosha mkono, na salamu ya mkono ya watu wa kule ni ndefu, mtu anakushikilia mpaka amalize kuuliza habari za ukoo mzima. Nikaficha mikono nyuma.

"Huyu hajafundishwa kusalimia?" akauliza.

"Amechoka na safari," akasema Mama Mkubwa.

Siku ya nne Baba Mkubwa aliangusha mfuniko wa sufuria kwenye sakafu ya saruji, ukazunguka na kuzunguka bila kukoma. Nilichukua chupa ya chai nikaipasua ukutani, kipande kikapita karibu na jicho lake. Akavua mkanda. Mama Mkubwa akasimama katikati yetu, mtu mfupi yule, akasema, "Mpaka unimalize mimi kwanza." Kesho yake, wakati tunamenya viazi kwenye jiko la nje, aliniuliza bila kunitazama, "Ukishikwa, unasikia nini?"

Miaka kumi na saba, na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamjibu, "Kama nimemwagiwa maji ya moto."

"Hata mkono wa mama yako?"

"Hasa akinipapasa."

"Na akikupiga?"

"Akinipiga najua mwisho wake."

Kisu chake kikasimama kwenye kiazi. Kisha akaanza kunisimulia habari za mama yao, bibi yangu, alivyoishi na baba mkwe wake huko Unyakyusa. Kwa watu wa enzi zile mke wa kijana na baba mkwe hawaonani. Mzee akikaribia anakohoa kwa mbali, naye mwanamke anaacha njia, anajifunika khanga, anageukia migombani mpaka mzee apite. Hakuna kupeana mkono wala kupokezana chombo. Chakula kinawekwa chini, mmoja anaondoka, ndipo mwingine anakuja kuchukua. "Na miaka yote ile," akasema Mama Mkubwa, "sikusikia mtu hata mmoja anasema mama ana pepo. Walisema ana heshima. Sasa na wewe, kuanzia leo, ni mkwe wa kila mtu humu ndani."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Wakati wa chakula alimtangazia mumewe sheria: kabla ya kuingia palipo na Subi unakohoa, humjii kwa nyuma, humpi kitu mkononi bali unaweka mezani, na ukitaka kufunika sufuria unasema, "Nafunika."

"Nikohoe kwangu?" Baba Mkubwa akauliza, tonge likiwa mkononi. "Hii nyumba nimejenga mimi. Tofali moja moja."

"Kikohozi kimoja kitaibomoa?"

Akakohoa. Wiki za mwanzo alikuwa anakohoa kwa dhihaka, kama mgonjwa wa kifua kikuu, kuanzia barabarani mpaka mlangoni, majirani wanampa pole. Lakini alikohoa. Nami kila nilipokisikia kikohozi kile nilikuwa napata muda wa kujikaza, kushika kiti, kugeuka nimwone anakuja, na nikishamwona basi hakuna vita. Mama Mkubwa hakuwa na elimu ya semina, ila alikuwa na macho. Aliona kwamba nikishabeba ndoo kubwa ya maji kichwani nakuwa mpole saa nzima, akanipa kazi zote nzito za nyumba. Aliona nalala vizuri chini ya mablanketi matatu hata siku ya joto. Jioni, kelele za mashine ya kusaga zikizidi, alikuwa ananiwekea mfuko wa maharage mapajani, kilo kama kumi hivi, nami nakaa nao hivyo hivyo nikichambua mboga. Pamba ya masikio, chai iliyochujwa. Alinipeleka mjini kwenye duka la nguo la mama mmoja wa Kihindi, ambaye hakuniharakisha hata kidogo. Aliniacha niguse majora yote mpaka nikapata pamba moja laini iliyofifia rangi, na Mama Mkubwa akaishonea ndani ya lile sweta la shule. Nikalivaa. Nilisimama katikati ya chumba nimevaa sweta, na sikutaka kumpiga mtu. Kuanzia Septemba hadi Desemba sikumgusa mtu. Nilianza kuamini kwamba naweza kuishi chini ya bati moja na binadamu wengine, jambo ambalo sikuwahi kuliamini.

Mvua zilipoanza, ulanzi, ile pombe ya mianzi, nao ukaanza kugemwa, na wanaume wa Mlandege wakahamia kilabuni. Huko ndiko maneno yalikozaliwa. Majirani zetu Wahehe walikuwa wamesikia habari ya kikohozi na kuuliza, na Mnyakyusa mmoja akawaambia kwamba kwao mzee hukohoa kwa mkwewe tu. Sasa Baba Mkubwa hakuwa na mtoto wa kiume. "Huyo mkwe umempata wapi, fundi?" wakawa wanamtania. "Au unamuoa mwenyewe?" Siku moja mtani mmoja akavuka mpaka. Akasema kwa sauti ya kilabu kizima kwamba binti hakatazwi kuguswa bure, labda mzee alishamfanyia jambo, ndiyo maana mkewe amemwekea sheria asimguse. Wakacheka wote. Baba Mkubwa aliacha kibuyu chake hakijaisha, akatoka.

Mchana huo ilinyesha mvua ya mawe. Nilikuwa kwenye banda la jiko nakoboa mahindi ya makande kinuni, pamba masikioni, na bati la banda lilikuwa linapigwa mpaka sikuweza kusikia hata mchi wangu mwenyewe. Nilitwanga kwa nguvu zote ili mikono inisaidie kuvumilia. Nilikuwa nimefika mwisho wa uvumilivu wangu wakati mkono mpana uliponikamata shingo kwa nyuma, na sauti ikapiga kelele sikioni, "Kwangu sikohoi! Umenisikia? Sikohoi!"

Nilimpiga mara tatu kwa mchi. Pigo la kwanza naweza kulitetea mbele ya mtu yeyote. Lilivunja mkono uliokuwa umenishika, na akaniachia. Lakini la pili nililipiga wakati ameshaniachia, likavunja mfupa wa bega, na la tatu nilimpiga ameshapiga magoti, likamchana sikio na ngozi ya kichwa, nikiwa namwona usoni kabisa na kumjua ni nani. Hayo mawili sijawahi kuyatetea na sitaanza leo. La nne lilikuwa linakuja. Mama Mkubwa alikimbia akazunguka kinu, hakunishika, akasimama pale ninapoweza kumwona, akasema, "Subi. Mimi hapa. Weka chini." Nikaweka. Mawe ya mvua yalikuwa yanaingia mpaka ndani, na damu ya Baba Mkubwa ilikuwa inatiririka kati yake, kwenye mahindi.

Alifungwa plasta hospitali, akashonwa. Balozi wa nyumba kumi alikuja, majirani wakataka polisi, Mama Mkubwa akawaambia wasubiri mama yangu. Siku ya tatu Mama akashuka kwenye basi la Mbeya. Alikuja na blanketi jipya limekunjwa na mfuko wa unga, na nilipoviona tu nilijua ni vya nini. Nilikuwa nimeketi kwenye kona ya sebule na maharage yangu mapajani, na nilishakubali. Sikuwa na hoja. Nilitaka tu mtu asinishike wakati wa kunipeleka.

Mama alipiga magoti mbele ya Baba Mkubwa, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu. "Shemeji, nisamehe. Namwondoa leo hii."

Yeye alikuwa ameegemezwa kwenye kiti, kichwa kimefungwa bandeji, mkono umening'inizwa kifuani. Alilitazama lile blanketi. "Hilo la nini?"

Mama akamweleza. Alimweleza yote, pamoja na miti.

"Kaa kwenye kiti, shemeji," akasema Baba Mkubwa. "Nikuulize jambo. Kwenu, mzee akimkamata mkwe wake shingo, anafanywa nini?"

Mama akashangaa. "Anatozwa ng'ombe. Na anakuwa amejivua utu."

"Basi mimi ndiye wa kutozwa. Miezi yote hii nimekohoa na huyu mtoto hajanigusa hata ukucha. Siku ile sikukohoa kwa sababu ya wanaume wa kilabuni. Hakuniletea vita, mimi ndiye nilimfuata navyo jikoni." Akanigeukia taratibu, maana shingo ilikuwa inamuuma. "Hilo pigo la tatu, Subi, tutaliongea mimi na wewe nikipona. Lakini hapa hutoki."

Mama alimtazama dada yake, akatazama mfuko wa maharage mapajani mwangu, akatazama sweta nililovaa, lile lile la shule ya Mbeya. Alikuja akalikunja pindo lake kwa ncha za vidole, akaiona pamba iliyoshonewa ndani.

"Mlikohoa tu?" akauliza. "Na hiki kitambaa?"

"Na vingine vidogo vidogo," akasema Mama Mkubwa.

"Basi miaka yote ile mimi nilikuwa nampiga kwa kosa gani?"

Mama Mkubwa aliangalia sakafu. Nilikuwa na miaka kumi na saba, sikuwa na huruma, na nilikuwa nimeliweka jibu hilo muda mrefu, kwa hiyo nikamwambia, "Hata mimi nilikuwa najiuliza hivyo hivyo." Nilitaka limuume, na liliuma. Uso wake ulikunjamana. Akalia bila sauti, amesimama, mikono imelegea pembeni, naye hakuwa mtu wa kulia mbele ya shemeji yake. Kisha akajifuta kwa khanga, akasogea mbele yangu, mahali ninapoweza kumwona, akaviinua viganja vyake vyote viwili nivione.

"Nikushike wapi?" akauliza.

Nikamwonyesha mabega. Akaweka viganja pole pole, kwa woga, kama anagusa kidonda, na mwili wangu wote ukashtuka.

"Siyo hivyo. Kwa nguvu."

"Nitakuumiza, mwanangu."

"Kwa nguvu, Mama."

Akabonyeza. Alibonyeza mpaka viwiko vyake vikatetemeka, kwa nguvu zile zile alizokuwa ananipigia, na kwa mara ya kwanza maishani mikono ile haikuniuma popote. "Ongeza," nikamwambia, naye akaongeza.